Mazuku hayapigi hodi: historia ya kuchunga hewa mbaya, toka Nyos hadi Goma



Hapa kwetu, kati ya Goma na Sake, mtoto ambaye hajui kusoma anajua neno mazuku. Mama akimtuma kuokota kuni anamwambia: usishuke katika shimo lile asubuhi. Mbuzi akishuka, harudi. Ndege akitua, haruki tena. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna sauti. Wazee walisema ni upepo mbaya wa usiku, na hawakukosea sana.

Mazuku ni gesi ya dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini, katika nyufa za mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo haipandi: inatambaa, inashuka mabondeni, inajaa mashimoni kama maji. Usiku, upepo ukitulia, inakusanyika. Jua likipanda na upepo ukianza, inapungua. Ndiyo maana wengi wanaokufa wanakutwa alfajiri.

Leo nataka tusimulie jinsi binadamu alivyojifunza kuchunga hewa ya namna hii, maana historia hiyo inatuhusu sisi tunaolala juu ya mawe haya.

Zamani, kipimo kilikuwa moto. Mtu aliyeshuka kisimani au mgodini alitanguliza taa, ikizimika, anarudi. Lakini taa inachelewa kusema. Gesi hii ikifika asilimia 4 ya hewa, mtu yuko tayari katika hatari kubwa, na taa bado inawaka. Ikifika asilimia 10, anaweza kuzimia kwa dakika chache. Ukingoja moto uzimike, umeshachelewa.

Huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi John Scott Haldane aliwashauri wachimba makaa washuke na ndege wadogo. Ndege huvuta hewa haraka kuliko mtu, basi sumu ya hewa inamwangusha kwanza, na wachimbaji wanapata nafasi ya kukimbia. Desturi hiyo ilidumu miaka mingi. Mwaka 1986 serkali ya Uingereza iliamua ndege wapumzike, mashine zichukue kazi yao.

Mwaka huohuo wa 1986, Afrika ilipata somo chungu. Usiku wa 21 Agosti, Ziwa Nyos, kule Kameruni, lilitapika gesi iliyokuwa imelala chini ya maji yake. Gesi ilishuka mabondeni hadi kilometa kama 25, watu wakiwa wamelala. Walikufa zaidi ya 1,700, pamoja na maelfu ya ng'ombe. Miaka miwili kabla, tarehe 15 Agosti 1984, Ziwa Monoun la nchi hiyohiyo lilikuwa limeua watu 37. Onyo lilikuwepo, lakini hakukuwa na mtu wala mashine ya kuchunga Nyos usiku ule. Waliopeleka habari kwa dunia ni maiti.

Baada ya msiba huo, wataalamu walipanga kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa gesi: mwaka 2001 bomba la kudumu liliingizwa ndani ya Nyos, maji ya chini yakapanda yenyewe na kuruka juu kama chemchemi, yakiachia gesi kidogo kidogo. Mabomba mengine mawili yaliongezwa mwaka 2011. Kazi ya pili ni kuchunga: kando ya ziwa viliwekwa vituo vya kupima gesi, vyenye ving'ora vya kuwaamsha watu.

Na sisi je? Ziwa letu la Kivu lina gesi nyingi sana kuliko Nyos: kama kilometa za ujazo 300 za dioksidi ya kaboni na 60 za metani, zimefungwa katika maji ya chini. Wazungu wa wakati wa ukoloni waliipima gesi hiyo tangu miaka ya 1930. Na hapa Goma, kituo cha kuchunguza volkano, kile tunachokiita OVG, kilianzishwa mwaka 1986, mwaka uleule wa Nyos.

Sasa tueleze kituo cha kupima gesi kinafanyaje kazi, maana wengi wanaona sanduku juu ya nguzo na hawajui lina nini.

Kwanza, ni mahali. Gesi nzito hupimwa chini, karibu na udongo, pale mtoto anapolala, si juu ya paa. Pili, ni jicho la mashine. Ndani yake kuna mwanga usioonekana unaopita katika chumba kidogo. Dioksidi ya kaboni hula sehemu ya mwanga huo. Mwanga ukifika mdogo upande wa pili, mashine inajua gesi ni nyingi. Tatu, ni ujumbe: namba inapita kwa waya au kwa redio hadi mahali mtu anapokesha. Nne, ni viwango. Kwa mfano, taa ya kwanza inaweza kuwaka gesi ikifika asilimia 0.5, kiwango ambacho mfanyakazi hapaswi kukipita kwa siku nzima ya kazi. King'ora kikubwa kinalia kwenye asilimia 3, ambapo mtu hapaswi kukaa zaidi ya robo saa.

Lakini jicho hilo huzeeka. Vumbi la volkano linalifunika, unyevu unaliingia, wadudu wanajenga ndani, moshi wa Nyiragongo unakula vyuma, betri inachoka au inaibwa. Ubaya ni huu: kipimo kilichokufa kinanyamaza sawasawa na kipimo kinachosema hewa ni safi. Ukimya wao ni mmoja. Ndiyo sababu lazima kijaribiwe.

Kujaribu ni kazi ya subira. Fundi anakuja na chupa mbili. Ya kwanza ina naitrojeni safi, isiyo na dioksidi ya kaboni hata kidogo; anaipuliza, na namba lazima ishuke mpaka sifuri. Ya pili ina gesi ya kiasi kinachojulikana, tuseme asilimia 2. Namba lazima ipande karibu na 2, tena kwa haraka. Isipofika, fundi anairekebisha au anabadilisha jicho lenyewe. Halafu anahakikisha king'ora kinalia. Anakata umeme aone kama betri inashika. Anampigia mtu wa zamu: umeona ujumbe? Mwisho anaandika katika daftari tarehe, namba aliyoikuta na namba aliyoiacha. Kituo kisicho na daftari hilo ni pambo.

Kuna mji uliolipa kwa kusahau jambo hili. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, kule Bhopal, India, gesi ya sumu ilitoka katika kiwanda cha dawa za wadudu. Vyombo vya kuzuia hatari vilikuwepo, lakini mashine ya kupoza ilikuwa imezimwa na bomba la kuchoma gesi lilikuwa halijaunganishwa. King'ora cha kuwaonya raia kilizimwa muda mfupi baada ya kuanza kulia, kikawashwa tena gesi ikiwa imeshaingia majumbani. Walikufa maelfu.

Turudi kwetu. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani. Siku zilizofuata gesi ilitoka katika nyufa hata ndani ya mji. Wachunguzi walipima ziwa, wakakuta gesi ya chini haijatikisika. Ilikuwa bahati, na tuliijua kwa sababu kuna watu waliopima.

Kisha ikaja 22 Mei 2021. Miezi kadhaa kabla, fedha za msaada zilikuwa zimekwisha, intaneti ikakatika, na habari za vituo vya mlimani hazikufika vizuri kwa wachunguzi hadi Aprili. Mlima ulipolipuka jioni ile, wengi waliona anga jekundu kabla ya kusikia neno lolote. Tarehe 27 Mei serkali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, kwa kuogopa moto wa chini ya ardhi usitikise gesi ya ziwa. Mnakumbuka barabara ile: magodoro kichwani, watoto mgongoni. Maelfu walielekea Sake, na Sake ni nchi ya mazuku. Tulikimbia gesi ya ziwa tukalala karibu na gesi ya ardhi.

Hata kambi za Mugunga mwaka 1994, na Bulengo miaka hii ya karibuni, zilisimamishwa katika nchi hiyohiyo. Mkimbizi hachagui shimo, anapewa mahali. Basi anayempa mahali ndiye anapaswa kupima kwanza.

Mahali pasipo na kipimo, tushike la wazee. Usisimamishe hema bondeni. Ukiona wadudu au ndege wamekufa, rudi nyuma. Mtu akianguka shimoni, usishuke peke yako kumtoa, maana mara nyingi anayeokoa ndiye maiti wa pili. Ukisikia kichwa kinauma na pumzi inakuwa fupi, mbebe mtoto juu, panda mahali pa juu.

Na mahali palipo na kipimo, tuwaulize wakubwa wa kata na wa kambi bila haya: kilijaribiwa lini? Daftari liko wapi? Kikilia usiku, kinamwamsha nani, na huyo anatuamsha vipi? Haya si maswali ya wasomi. Ni maswali ya mama mwenye mtoto analala chini.