Bei Mbili za Picha Moja



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya filamu ya kupigia picha na gharama zake. Mtu aingiaye dukani siku hizi kununua mkebe mmoja wa filamu hushtushwa na bei yake. Na akiisha kupiga picha zake 36 hushtuka mara ya pili, maana kuisafisha filamu ile, au kuiosha kama wengine wasemavyo, pengine humgharimu sawa na kuinunua. Twasikia wengi wakidai kwamba ughali huu ni jambo jipya. Sisi hatukubali. Bei hizo mbili zimekuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni namna ya kuzilipa, na nani azilipaye, na lini. Habari hiyo ndiyo tutakayoieleza.

Hapo kale bei hizo hazikuweza kutenganishwa. Katika mwaka wa 1851 Mwingereza mmoja, Frederick Scott Archer, alitangaza njia ya kupaka kioo dawa iitwayo kolodioni. Kioo hicho kilitiwa katika maji yenye chumvi ya fedha, kikapigwa picha kingali kibichi, kikasafishwa papo hapo kabla hakijakauka, yaani kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mpiga picha alisafiri na hema la giza, vioo, chupa za dawa na maji, kama mganga aliyehama na mkoba wake wote. Hapakuwa na mtu awezaye kupiga picha leo na kuisafisha mwisho wa mwezi akiisha kupata mshahara. Ndipo katika mwaka wa 1871 Mwingereza mwingine, daktari Richard Leach Maddox, akaonyesha kwamba jelatini yaweza kushika chumvi za fedha hata ikiwa kavu. Tangu hapo picha iliweza kungoja, na pamoja na kungoja ikaja deni.

Aliyetambua maana ya jambo hilo kuliko wengine alikuwa George Eastman, karani wa benki katika mji wa Rochester, Marekani. Mwaka wa 1888 alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak kwa dola 25, nayo ilikuwa na filamu ya picha 100 ndani yake tayari. Mnunuzi alizipiga zote, kisha akaipeleka kamera nzima Rochester pamoja na dola 10. Huko ilifunguliwa, picha zikasafishwa na kuchapwa, filamu mpya ikatiwa, na kamera ikarudishwa kwa mwenyewe. Dola 25 zilikuwa ujira wa kibarua wa majuma kadhaa, basi kamera hiyo haikuwa ya maskini. Lakini mnunuzi alijua tangu siku ya kwanza ni kiasi gani atakachotakiwa kulipa baadaye. Hakuna dhiki iliyojificha.

Miaka 12 baadaye, mwaka wa 1900, kampuni hiyo ilitoa kamera ndogo ya Brownie kwa dola moja tu, na filamu yake ya picha sita kwa senti 15. Hapo ndipo biashara ilipogeuka. Kamera iliuzwa rahisi sana, maana faida haikutafutwa tena katika kamera; ilitafutwa katika filamu, ambayo mtu huinunua tena na tena maisha yake yote. Muuza taa hapati mengi katika taa kama apatavyo muuza mafuta.

Inafaa tuseme kidogo filamu ni kitu gani. Ni utepe mwembamba uliopakwa jelatini, na ndani ya jelatini hiyo zimo chembe ndogo mno za chumvi za fedha, ambazo hubadilika zipigwapo na mwanga. Lugha yetu huliita jina moja madini hayo na sarafu za mfukoni, na kwa mpiga picha mambo hayo mawili kweli ni mamoja. Jelatini nayo hutokana na mifupa na ngozi za ng'ombe. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Kodak, Samuel Sheppard, alitafuta sababu ya jelatini nyingine kufanya filamu iwe nyepesi kuona mwanga na nyingine kutofanya hivyo, akagundua kwamba tofauti hutokana na chembe kidogo za vitu vya salfa vifananavyo na mafuta ya haradali. Majani waliyokula ng'ombe yalikuwa na neno katika picha!

Turudi katika bei. Mwaka wa 1935 Kodak ilitoa filamu ya rangi iitwayo Kodachrome, iliyobuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Godowsky na Leopold Mannes. Usafishaji wake ulikuwa mgumu kupita kiasi, wala haukuwezekana katika chumba cha giza cha nyumbani. Basi kampuni iliuza filamu hiyo na gharama ya kuisafisha ikiwa ndani ya bei ile ile. Mteja aliona ni wema. Serikali ya Marekani iliona ni hila, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeweza kupata kazi ya kusafisha ikiwa imekwisha kulipiwa dukani. Mwaka wa 1954 Kodak ilikubali mbele ya mahakama kutofunga tena bei hizo mbili pamoja huko Marekani. Wasafishaji wengine wakafungua milango, na ushindani ukaanza. Katika Ulaya, Kodachrome iliendelea kuuzwa pamoja na usafishaji wake kwa miaka mingi. Kwa maoni yetu hukumu ile ilikuwa ya haki, walakini ilizaa mtu wa namna mpya: aliye na uwezo wa kununua filamu, asiye na uwezo wa kuisafisha.

Bei ya madini ya fedha nayo imewahi kuwatikisa wapigaji picha. Mwanzo wa mwaka wa 1979 aunsi moja ilikuwa yapata dola 6. Januari 1980 ilikaribia dola 50, kwa sababu matajiri wawili wa Texas, ndugu Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walikuwa wamejirundikia fedha nyingi mno. Tarehe 27 Machi 1980 bei ilianguka, na mali ya ndugu hao ikaanguka nayo.

Wakati huo huo usafishaji ulikuwa ukirahisishwa. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Noritsu ya Japani ilitengeneza mashine ndogo iwezayo kukaa dukani na kutoa picha za rangi kwa muda usiozidi saa moja. Urahisi huo, lakini, ulisimama juu ya wingi wa watu. Dawa za mashine hizo huharibika zisipotumika. Pasipo filamu za kutosha kila siku, hapana budi zimwagwe na kutengenezwa nyingine. Kiwanda cha filamu ni vivyo hivyo: hupaka utando juu ya utando, gizani, juu ya utepe wenye upana unaozidi mita moja, wala hakiwezi kuwashwa kwa ajili ya mikebe michache. Kamera za dijitali zilipowachukua wateja, gharama ile ile iligawanywa kwa watu wachache zaidi. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mnamo Januari 2012. Vijana walipoirudia filamu baadaye, walikuta mashine nyingi zimekwisha kuuzwa kama vyuma chakavu, na tangu mwaka wa 2019 bei zimepandishwa mara kwa mara.

Hapa pwani kwetu watu wengi hawakulipa bei hizo kwa mkono wao. Mwenye studio ndiye aliyezilipa, kama Ranchhod Oza aliyeanzisha Capital Art Studio mjini Unguja mwaka wa 1930, na mteja alinunua picha moja tu. Wazee wetu walijua neno la mpiga picha: "Njoo juma lijalo, filamu haijaisha." Wengi walidhani ni uvivu. Kumbe fundi alikuwa akihesabu: kusafisha filamu iliyojaa nusu ni kutupa nusu ya fedha yake.

Lakini kungoja kuna mwisho wake. Kodachrome iliachwa kutengenezwa mwaka wa 2009, na duka la mwisho duniani la kuisafisha, Dwayne's Photo katika mji mdogo wa Parsons, Kansas, lilipokea filamu za mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Watu walizileta kutoka mbali, nyingine zikiwa zimelala makabatini miaka mingi. Iliyochelewa haipati tena rangi zake.

Na yuko Vivian Maier, yaya wa watoto katika mji wa Chicago. Alipokaa na familia moja tangu mwaka wa 1956 alikuwa na bafu lake mwenyewe, akaligeuza chumba cha giza. Alipohama, akitumikia nyumba hii na ile, aliendelea kununua filamu na kupiga picha mitaani, lakini filamu zisizosafishwa zilizidi kurundikana katika masanduku. Mwaka wa 2007 vitu vyake viliuzwa kwa mnada kwa kuwa kodi ya ghala haikulipwa. Alifariki mwaka wa 2009. Leo picha zake hutundikwa katika majumba ya sanaa, na maelfu miongoni mwazo yeye mwenyewe hakuziona kamwe.

Sisi nasi tuna mikebe mitatu ya arusi moja ya nyumbani, iliyowekwa siku ambayo karamu ilikula kila senti. Ni ya nyeusi na nyeupe, basi kazi yake yawezekana jikoni, na wenye kubana matumizi hufanya hivyo: hununua utepe wa futi 100 na kuukata wenyewe, wapate mikebe yapata 18, kisha huchanganya dawa ya unga kama D-76. Taabu yetu ni joto. Dawa hutaka nyuzi 20, na maji ya bomba ya pwani hupita hapo kwa mbali. Yakizidi mno jelatini hulainika na kukwaruzika kwa ukucha tu. Tuliweka chombo katika karai la barafu na kuyapima maji kila dakika. Joto na unyevu vilikuwa vimekula mkebe wa kwanza wote. Katika wa pili zilitoka picha tisa, zenye ukungu, na bibi arusi anaonekana katika nne. Wa tatu tumeuweka mpaka tupate barafu zaidi.