Jangwa la New Mexico na Deni la Katanga

Jangwa hulaumiwa kwa ukame wake, lakini kwa mwanahistoria jangwa ni ghala. Mvua haba, majani haba na watu wachache huhifadhi alama ambazo penginepo zingefutika upesi. Katika jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, misafara ya wageni huongozwa hadi mahali patatu panapothibitisha neno hili. Na tufuatane nayo, msomaji, kisha tuulize swali moja.

Kwanza ni White Sands, nchi ya vilima vyeupe vya jasi. Wageni husimuliwa habari za nyayo za binadamu, nyingi za watoto na vijana, zilizoonekana katika sakafu ya ziwa la kale. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kuwa umri wake ni kati ya miaka 21,000 na 23,000. Kabla ya hapo wengi walishika kwamba watu waliingia Amerika baadaye sana. Basi mtoto asiyejua kuandika amewalazimisha wanavyuoni kuifikiri upya sura ya kwanza ya historia ya bara zima.

Pili ni uwanda wa San Agustin, zilipo antena 27 kubwa, kila moja yenye kipenyo cha mita 25. Zimewekwa kwa mfano wa herufi Y, nazo husogezwa juu ya reli. Tangu mwaka 1980 zinapokea mawimbi ya redio yatokayo kwenye nyota, na milima inayozunguka uwanda huzikinga na makelele ya redio za mijini.

Tatu ni Trinity, katika bonde liitwalo Jornada del Muerto, yaani Safari ya Mfu. Hapo, tarehe 16 Julai 1945, saa kumi na moja na dakika 29 alfajiri, bomu la kwanza la atomu lililipuliwa juu ya mnara wa chuma wenye urefu wa mita 30. Mchanga uliyeyuka ukawa kioo cha kijani. Jeshi hufungua mahali hapo kwa wageni siku moja au mbili tu kwa mwaka. Pana nguzo ya mawe meusi ya volkano iliyosimamishwa mwaka 1965, na kibao chake kinataja tukio, tarehe, na jina la jenerali aliyeliongoza eneo hilo wakati ule.

Swali letu ni hili: nani hakutajwa? Bomu lile lilikuwa la plutonio, na plutonio hutengenezwa kwa urani. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilipelekwa New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazipata. Waliochimba walikuwa Waafrika, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi katika migodi ya Katanga. Kwa hiyo lugha hii tunayoandikia ilikuwapo mlangoni mwa enzi ya atomu, ila haikuandikwa mlangoni.

Hata jirani wa jangwa walisahauliwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya kuwafidia walioathiriwa na mnururisho haikuwahusisha wakazi walioangukiwa na vumbi la Trinity. Waliingizwa mwaka 2025, miaka 80 baada ya mlipuko, na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Wachimbaji wa Shinkolobwe sheria hiyo haiwagusi kabisa.

Wahenga walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Hapa methali imepinduka: walioingia kisimani hawakuagiza kichimbwe, na walioagiza hawakuingia.

Hatusemi haya ili kuwazuia watu kuzuru jangwa. La, wazuru, wajifunze. Twasema ili mwanafunzi wa Kiswahili ajue kuwa sehemu ya ziara ile ni mali yake, na kazi yake. Jangwa limehifadhi unyayo wa mtoto kwa miaka zaidi ya 20,000 bila kuombwa na mtu. Katanga ni nchi ya mvua; huko nyayo hazidumu, ila zikishikwa kwa kalamu.