Kipya Kijacho na Kilicho Mkononi

Wahenga waliacha methali mbili juu ya vitu vipya, na kila moja yaizuia nyingine isitawale peke yake. Ya kwanza yasema: Kipya kinyemi kingawa kidonda. Ya pili yaonya: Usiache mbachao kwa msala upitao. Ya kwanza yaeleza maumbile ya moyo, unaovutwa na upya hata pasipo faida. Ya pili yamkumbusha mtu kuthamini mkeka wake mkuukuu kuliko msala mzuri unaopita mbele yake. Waliozitunga hawakuiona kompyuta, lakini wangeitambua mara moja shida ya mtu mwenye kompyuta inayofanya kazi yake sawasawa, ambaye asubuhi moja asikia kwamba toleo jipya limetoka.

Anunue au asinunue? Swali laonekana dogo, la mfuko wa mtu mmoja. Hata hivyo lina historia ya zaidi ya miaka arobaini, na katika historia hiyo limeangusha kampuni, limetajirisha nyingine, na limejaza majalala ya nchi nyingi. Atakayeifuata historia hiyo kwa utulivu ataona kwamba sababu ya kubadili imehama kutoka mahali pake pa kwanza. Zamani chombo kiliachwa kwa kuwa kilishindwa kazi. Siku hizi aghalabu huachwa kingali chaweza kazi, ila kimenyimwa ruhusa ya kuendelea. Asiyeuona uhamisho huo hujibu swali la leo kwa hoja za jana.

Kompyuta mpakato imepewa jina hilo kwa sababu hukaa mapajani, kama mtoto apakatwavyo na mamaye. Mtangulizi wake wa kwanza aliyepata soko kubwa hakuwa wa kupakatwa. Osborne 1, iliyoonyeshwa San Francisco mwezi wa Aprili 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Ilifungwa kama sanduku la safari, ikabebwa kwa mkono, na ilipofika iendako ilitafutiwa umeme wa ukutani, kwa kuwa haikuwa na betri ndani yake. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5, na kumbukumbu yake kilobaiti 64. Bei ilikuwa dola 1,795, na pamoja nayo mnunuzi alipewa programu za kuandikia na za hesabu ambazo, kama angezinunua mbalimbali, zingemgharimu fedha isiyopungua sana bei ya chombo chenyewe.

Mwenye kampuni, Adam Osborne, alizaliwa Bangkok mwaka wa 1939, akalelewa kwa sehemu ya utoto wake katika India ya Kusini, akasomea uhandisi wa kemia Marekani hata akapata shahada ya udaktari, kisha akawa mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya kompyuta. Aliyesanifu chombo ni Lee Felsenstein. Osborne hakuuza ndoto ya ubora usio mfano. Itikadi yake katika biashara ilikuwa kwamba kinachotosha kinatosha: kioo kidogo kilitosha kusomea, kumbukumbu ndogo ilitosha kuandikia barua na kupigia hesabu, na mtu aliyepata hayo kwa bei nafuu alikuwa amepata haja yake. Watu walimwitikia. Katika siku za ustawi kampuni yake ilifikia kuuza kompyuta 10,000 kwa mwezi mmoja.

Mapema mwaka wa 1983 habari za toleo jipya, lililoitwa Executive, zilianza kuenea kabla chombo chenyewe hakijafika madukani. Kioo chake kilikuwa cha inchi 7, kumbukumbu yake kilobaiti 128, na bei yake dola 2,495. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyoshika, wenye maduka wakafuta maagizo ya chombo cha zamani, na wanunuzi wakakaa kungoja. Kila mmoja wao alitenda kwa busara, maana nani apendaye kununua leo kitu ambacho kesho kitaitwa cha jana? Lakini busara za watu wengi zilipokutana zikawa ukame kwa muuzaji. Fedha za kukamilishia kipya zilitarajiwa kutoka katika mauzo ya cha zamani, na cha zamani hakikuuzika tena. Tarehe 13 Septemba 1983 kampuni ilikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Tangu hapo kosa la kutangaza kipya kabla ya wakati wake huitwa na wafanyabiashara kwa jina la Osborne.

Masimulizi hayo ni mazuri mno kuwa kamili, na watafiti kadhaa wameyatilia shaka. Executive ilikuwa ghali kuliko Osborne 1 kwa dola 700, hata si rahisi kudhani kwamba kila mtu wa mfuko mdogo aliingoja. Zaidi ya hayo, kampuni nyingine zilikuwa zimekwisha ingia uwanjani. Kaypro ilitoa mwaka wa 1982 chombo chenye kioo cha inchi 9 kwa bei isiyozidi ile ya Osborne. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Compaq ilitangaza kompyuta ya kubebeka yenye uwezo wa kuendesha programu zilizotungwa kwa kompyuta ya IBM, ambayo ilikuwa imetoka mwaka wa 1981 na kuanza kuwa kipimo cha ofisi zote. Ghali ilikuwa, lakini mtu aliyekuwa na kazi ya ofisi aliona kwamba programu alizozihitaji zingekuwa huko. Basi si wote walioacha kununua Osborne waliokuwa wakingoja Executive. Wengi walikuwa wameliuliza swali lililo bora kuliko la upya, nalo ni: kazi yangu itafanyika wapi? Walipolipatia jibu hawakungoja mtu.

Baada ya hapo ulifuata muda wa miaka ishirini hivi ambamo kungoja kulikuwa na thawabu ya hakika. Gordon Moore alikuwa ameandika mwaka wa 1965 kwamba idadi ya vijenzi viwezavyo kuwekwa katika kipande kimoja cha silikoni ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka wa 1975 alirekebisha kauli yake, akasema kila miaka miwili. Kompyuta za kubebeka zilifuata mwendo huo huku zikipungua uzito. Toshiba T1100 ya mwaka wa 1985 ilifunuliwa kama kitabu na kutumia betri. PowerBook ya Apple ilitoka mwaka wa 1991 na ThinkPad 700C ya IBM mwaka wa 1992. Aliyenunua mwaka huu alijua kwamba baada ya miaka miwili fedha ile ile ingempa chombo chenye nguvu kubwa zaidi. Ndipo methali nyingine ikapata mahali pake: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Madhali ongezeko halikuwa na mwisho, aliyengoja hadi maendeleo yatulie hakununua kamwe, na kazi yake ililala.

Programu nazo hazikumwacha mtu akae na cha zamani. Windows 95, iliyotoka mwaka wa 1995, ilidai kumbukumbu isiyopungua megabaiti 4. Windows XP ya mwaka wa 2001 ilidai megabaiti 64, na Windows Vista ya mwaka wa 2007 megabaiti 512. Hivyo ni viwango vya chini kabisa, na mtu wa kazi alihitaji zaidi. Walakini vyatosha kuonyesha mwendo. Katika miaka kumi na miwili dai liliongezeka mara 128. Mwenye kompyuta ya mwaka 1995 hakuhitaji kushawishiwa na mwuzaji mwaka 2007. Chombo chake kilikuwa kimemwambia chenyewe kwamba hakiwezi tena.

Kisha mwendo ukapungua, na ni watu wachache walioutambua upungufu huo ulipotokea. Prosesa za Pentium 4 zilivuka kasi ya gigahezi 3 mwaka wa 2002, lakini mwaka wa 2004 Intel iliacha mpango wake wa kutoa ya gigahezi 4. Kizuizi kilikuwa joto: kila kasi ilipozidi, umeme ulioliwa na moto uliotoka ulizidi pia, na katika kompyuta nyembamba ikaayo mapajani moto hauna pa kukimbilia. Maendeleo hayakukoma, ila yaligeuza njia. Viini vya prosesa viliongezwa idadi, na ulaji wa umeme ukapunguzwa. Prosesa ya M1, ambayo Apple iliiweka katika kompyuta zake mwezi wa Novemba 2020, ilikuwa ushahidi kwamba hatua kubwa bado zawezekana. Lakini kwa mtu wa barua, mahesabu na usomaji, tofauti kati ya toleo moja na lifuatalo ilikuwa imekwisha kuwa ndogo. Programu zenyewe zilikiri jambo hilo. Windows 7 ya mwaka wa 2009 ilidai gigabaiti 1 katika sura yake ya biti 32. Windows 10 ya mwaka wa 2015 ilidai kiasi kile kile.

Katika muda huo mwenye kompyuta kuukuu alipata dawa iliyo rahisi kuliko kununua upya. Diski ya kuzunguka ilipoondolewa na mahali pake ikawekwa diski isiyo na kiungo kinachozunguka, chombo kilichokuwa kikijikokota kiliamka kama aliyeoga maji ya baridi. Kuongeza kumbukumbu kulisaidia vile vile, na betri mpya ilirudisha uhuru wa kuondoka ukutani. Lakini wakati huo huo mlango wa dawa hiyo ulianza kufungwa. MacBook Pro yenye kioo kipya, iliyotolewa na Apple mwaka wa 2012, ilikuwa na kumbukumbu iliyolehemewa katika bodi na betri iliyogandishwa kwa gundi, na watengenezaji wengi wakaifuata njia hiyo kwa ajili ya wembamba. Kilichopatikana ni wepesi wa mkoba. Kilichopotea ni haki ya fundi kufungua na kubadili. Malalamiko yalizaa matunda polepole. Ufaransa ilianza mwezi wa Januari 2021 kudai kwamba kompyuta mpakato ziuzwe zikiwa na alama ya urahisi wa kutengenezeka, na mwaka huo huo kampuni ya Framework ilianza kuuza kompyuta ambayo mwenyewe aweza kuifungua na kubadili karibu kila sehemu.

Mwaka huo wa 2021 ulileta pia mageuzi yaliyo makubwa zaidi kwa swali linaloelezwa hapa. Windows 11 ilipotoka mwezi wa Oktoba, sharti lake halikuwa nguvu peke yake. Ilidai chombo cha ulinzi kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa zilizotajwa katika orodha ya mtengenezaji, ambazo kwa sehemu kubwa hazikutangulia mwaka wa 2017. Kompyuta nyingi zenye kasi na kumbukumbu ya kutosha ziliachwa nje ya orodha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa kwa kawaida marekebisho ya usalama ya Windows 10, ikaacha mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani. Hoja ya usalama ina uzito wake, na hapaswi mtu kuidharau, maana kompyuta isiyorekebishwa ni nyumba isiyo komeo. Lakini ni haki kusema pia kwamba siku hiyo hapakuharibika kitu ndani ya kompyuta hata moja. Zilizofanya kazi jioni ya tarehe 13 zilifanya kazi asubuhi ya tarehe 15.

Jambo hili lina maana ya pekee katika Afrika ya Mashariki. Dar es Salaam na Nairobi zina maduka mengi yauzayo kompyuta zilizokwisha tumika katika ofisi za Ulaya na Marekani. Chombo kilichostaafishwa huko baada ya miaka michache huanza hapa maisha ya pili mikononi mwa mwanafunzi, karani au mwenye duka la kuchapa. Kwa watu hao Oktoba 2025 haikuja kama tangazo la kitu kipya cha kuvutia. Ilikuja kama deni. Wengine wana njia ya kuhamia mfumo wa Linux, ambao hautozi ada na huendesha kompyuta kuukuu bila taabu, lakini njia hiyo yataka mtu wa kuwaonyesha. Zinazotupwa huongeza rundo la dunia. Mwaka wa 2022 taka za vyombo vya umeme vya kila namna zilikadiriwa kuwa tani milioni 62, na katika hizo ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kuwa zilikusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu.

Basi atakayeamua na apange maswali yake kwa utaratibu ambao historia hii imeufundisha. La kwanza, kazi yake imekwama wapi? Kama haikukwama, tangazo la toleo jipya ni habari kama habari nyingine. La pili, kama imekwama, je, ni kwa sehemu moja inayobadilika, mfano wa diski, kumbukumbu au betri? La tatu, marekebisho ya usalama ya mfumo wake yatakoma lini, na iko njia nyingine ya kuyapata? Hatimaye, baada ya hayo matatu, ndipo atazame sifa za kipya. Wauzaji huanza na la mwisho, na mnunuzi aliyeanzia hapo hawezi kuyafikia mengine kwa akili tulivu. Na yule ambaye kazi yake imekwama kweli asiogope kununua, wala asingoje toleo lijalo kwa tumaini la kupata la mwisho. Tangu Aprili 1981 toleo la mwisho halijatoka.

Adam Osborne alifariki mwaka wa 2003 huko Kodaikanal, katika India alikopitia utoto wake. Kampuni yake ilikimbilia mahakama kabla ya kutimiza miaka mitatu sokoni. Neno lake kwamba kinachotosha kinatosha halikumwokoa yeye, kwa kuwa muuzaji hana uwezo wa kumwamulia mnunuzi kipimo cha kutosha. Kipimo hicho kimebaki mikononi mwa mwenye kazi, na ni vema akishike mwenyewe kabla hajatokea mwingine wa kumshikia.