Nairobi mpaka New York: ni masaa 15, sio 7!

Leo naweka hapa hesabu ya safari ya ndege kutoka Nairobi (JKIA) mpaka New York (JFK), maana watu kibao wanachanganywa na tiketi zao.

UMBALI: Kwa njia fupi kuliko zote ni kama kilomita 11,840. Ndege inakatiza Sahara halafu bahari ya Atlantiki. Kenya Airways walianza kwenda moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787 Dreamliner. Kabla ya hapo ilikuwa lazima ubadilishe ndege njiani, mfano Amsterdam au Dubai.

MUDA: Kwenda ni kama masaa 15, kurudi kama 14. Mbona tofauti wakati umbali ni ule ule? Huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani ndege inapambana nao, ukirudi unaisukuma.

TIKETI: Hapa ndipo watu wanapopotea. Tiketi huandika saa za mahali ulipo. Nairobi iko mbele ya New York kwa masaa 8, ila kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba ni 7, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao.

Tuseme umeondoka Nairobi 23:00, yaani saa 5 usiku. Ongeza masaa 15, Nairobi itakuwa saa 8 mchana. Toa 8, New York ni saa 12 asubuhi. Tiketi itaonyesha 23:00 mpaka 06:00, unadhani masaa 7! Kurudi ni kinyume chake: ukitoka saa 6 mchana unafika saa 4 asubuhi ya kesho yake. Kwa macho ni masaa 22, kumbe umeruka 14 tu.

Sio jambo la kucheka. Wakala mmoja wa tiketi (jina naliweka kapuni) alimwambia mama mdogo wangu kuwa ni masaa 7. Mama mdogo ana kisukari, na kwa hesabu hiyo alitaka dawa zote ziende kwenye begi kubwa la chini. Masaa 15 angani bila dawa ingekuwaje? Nilimpigia hesabu hii kwenye karatasi, dawa zikahamia begi la mkononi.

Kwa hiyo:
- Tafuta kwanza tofauti ya saa za miji yote miwili, ndio uhesabu.
- Angalia tarehe ya kufika, mwenyeji wako asije siku sio.
- Dawa weka begi la mkononi, na simama utembee kidogo ndani ya ndege.
- Mnaotokea Dar, ongezeni kama kilomita 670 na muda wa kusubiri Nairobi.

Ratiba hubadilika, hakikisha kabla hujalipa. Waliowahi kuipanda hiyo ndege watupe uzoefu wao hapo chini.