Uhaba Uliowafundisha Mafundi wa Ankole Kusoma Kabureta

Gari kuukuu la petroli, lenye kabureta na gia ya kuvuta magurudumu manne, lina ugonjwa wake mmoja maarufu. Likisimama, injini yaunguruma vizuri. Dereva akikanyaga mafuta ili aondoke, inasita, inakohoa, kisha ndipo inashika mwendo. Land Rover, iliyozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, na Land Cruiser FJ40, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960, zote ziliujua ugonjwa huo. Hoja ya makala haya ni kwamba namna ya kukitafuta chanzo chake, huku Mbarara, katika Ankole nchini Uganda, na katika miji midogo kama Bwizibwera kwenye barabara ya kwenda Ibanda, ilifinyangwa na uhaba kuliko ilivyofinyangwa na vitabu vya kiwandani. Kwa hiyo ni ujuzi wenye historia, nayo inastahili kuandikwa.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilikuwa mikononi mwao kwa sehemu kubwa, na baada ya hapo fedha za kigeni ziliadimika na bidhaa nyingi zikahamia kwenye magendo. Februari 1979, katika vita vilivyomng'oa Amin, majeshi ya Tanzania yaliiteka Mbarara, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Wakati huohuo haja ya magari ya kusafirisha watu na mizigo haikupungua. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyokuwa yamewapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959, yalipokea watu wengine wengi mwaka 1982, pale familia zenye asili ya Rwanda zilipofukuzwa majumbani mwao katika eneo la Mbarara. Barabara zilikuwa za vumbi na matope, na spea hazikuwepo. Penye spea tele fundi anaweza kung'oa kabureta nzima na kufunga nyingine bila kujua kilichoharibika. Asipokuwa nazo, hana budi kukijua.

Ugonjwa wenyewe unaeleza kwa nini. Mlango wa hewa wa kabureta ukifunguka ghafla, hewa huingia mara moja, lakini petroli, iliyo nzito, huchelewa. Pengo hilo huzibwa na pampu ndogo inayorusha mchirizi wa petroli kila pedali inapokanyagwa. Ngozi ya pampu ikichanika, injini husita. Lakini husita pia kijitundu cha petroli ya mwendo mdogo kikizibwa na vumbi, gasketi ya manifoldi ikivuja hewa, platini zikilika, au kiwambo kinachowahisha moto kwenye distributa kikitoboka. Dalili ni moja, wakosaji ni wengi. Vipimo vya kuwatenganisha, hata hivyo, havihitaji kununua kitu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chujio la hewa huondolewa na pedali husukumwa: mchirizi usipoonekana, pampu ina kasoro. Choki huvutwa nusu: injini ikitulia, petroli ilikuwa haitoshi, ikizidi kusita, ilikuwa nyingi. Mpira wa kiwambo cha distributa hufyonzwa kwa mdomo, kisha huzibwa kwa ulimi: ulimi usiponaswa, kiwambo kimetoboka. Platini na plagi hukaguliwa kabla kabureta haijaguswa, kwa sababu moto hafifu hujifanya tatizo la mafuta.

Mtu anaweza kupinga kwamba vipimo hivi vilijulikana na mafundi wa dunia nzima. Ni kweli, lakini kujua kipimo si sawa na kukitegemea. Tena kitabu hakikumaliza kazi. Mbarara iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari hutoa petroli nyingi mno, na fundi hulazimika kuirekebisha kwa sikio na kwa rangi ya plagi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uhaba ulizaa ubovu pia. Jeti, yaani vijitundu vya petroli, zilizotanuliwa kwa waya hazirudi kuwa sahihi. Hilo halikanushiki. Lakini waya ulishikwa na aliyekisia, na ubovu wake unathibitisha hoja: pasipo spea, kukisia huharibu hata kile kilichokuwa kizima.

Wapo watakaosema kabureta imekwisha. Ni kweli kwamba Land Cruiser nyingi zilizofuata zilitumia dizeli, ikiwemo injini ya 1HZ ya mwaka 1990, na magari mapya ya petroli yanasomwa kwa kompyuta. Lakini kompyuta ikisema hewa imezidi petroli, haisemi ni mpira gani uliopasuka. Anayeanza na kisicho na gharama, akaondoa mshukiwa mmoja baada ya mwingine, ndiye bado anayepata jibu. Ndiyo maana inafaa vyuo vya ufundi vinavyowapokea vijana wa Mbarara na Nakivale vifundishe utaratibu huo kabla ya kuwakabidhi kifaa cha kusomea kompyuta. Ulipatikana kwa gharama kubwa, na kuuacha upotee ni kuwatwisha wenye magari gharama ileile mara ya pili.