Ruhusa kwanza, kuandika baadaye: nani abadilishe hesabu katika kompyuta?

Makanisa yetu ya Fizi na Baraka yanaanza kuhamisha mambo mengi kutoka daftari kwenda kompyuta na simu: orodha ya washirika, sadaka, ripoti za vituo vya afya. Katika daftari tulitambua mwandiko wa kila mtu. Katika kompyuta maandishi yote yanafanana. Kwa hiyo ni lazima programu iulize ruhusa kabla ya kumfungulia mtu fomu.

Maana yake

Fomu ina visanduku vya kujaza: jina, tarehe, kiasi. Kisanduku kilichofungwa mara nyingi huwa na rangi ya kijivu; unasoma yaliyomo, lakini huwezi kuandika. Utaratibu salama ni huu: fomu ionekane kwanza ikiwa imefungwa yote, programu iangalie ruhusa za mtumiaji, kisha ifungue vile visanduku tu alivyoruhusiwa. Isipopata jibu, ibaki imefungwa.

Mfano wa karibu

Kilembwe iko katika sekta ya Lulenge, na vituo vyake viko chini ya eneo la afya la Kimbi-Lulenge. Takwimu za maeneo ya afya ya Kongo huingizwa katika DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Kabla mtu hajaandika humo idadi ya wagonjwa wa malaria, mambo manne huangaliwa:

1. Ni nani? Kila mtumiaji ana jina lake na kazi yake.
2. Ni mahali gani? Aliyepewa kituo kimoja haandiki cha jirani.
3. Ni fomu gani? Mwingine huruhusiwa kusoma tu.
4. Ni mwezi gani? Muda uliowekwa ukipita, au ripoti ikithibitishwa na wakubwa, visanduku hufungwa.

Namba ikibadilishwa, programu hutunza kumbukumbu: ilikuwa ngapi, nani aliibadilisha, na lini.

Kijivu peke yake hakitoshi

Kisanduku kilichofungwa ni kama pazia mlangoni. Kufuli iko kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza data. Mwenye ujuzi anaweza kulipita pazia. Kwa hiyo seva iulize ruhusa tena wakati wa kuhifadhi. Kwetu hili lina uzito, maana mtandao hukatika. Muuguzi anaweza kujaza fomu katika simu Jumatatu, ahamishwe Jumatano, na data zifike Ijumaa. Seva ikikataa, imwambie sababu, wala isimpotezee kazi aliyokwisha kufanya.

Na kanisani?

Tunajua kanisa moja ambamo watu watatu walitumia neno moja la siri. Siku moja jumla ya sadaka ikaonekana imebadilika. Hakuna aliyeweza kuonyesha ni mkono wa nani. Mashaka yakamwangukia mama mweka hazina, naye akaacha kazi. Mpaka leo hatuwezi kusema kama alikosa au alionewa.

Basi tufanye hivi:

- Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Asimwazime hata ndugu yake.
- Anayeandika sadaka asiwe yeye anayezithibitisha.
- Mwezi ukiisha kufungwa, kosa lisahihishwe kwa andiko jipya lenye sababu, lisifutwe.
- Mtu akiacha kazi au akihamishwa, ruhusa yake iondolewe siku ile ile.
- Sisi wachungaji tusidai ruhusa zote kwa sababu ya cheo. Kusoma hesabu ni wajibu wetu. Kuzibadilisha si kazi yetu.

Mtume Paulo, alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuushika peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba wengine waliwekwa pamoja naye ili mtu asipate sababu ya kuwalaumu. Hakuona hilo kuwa dharau.

Nasi tusione kisanduku kilichofungwa kuwa tusi. Kinamlinda mwaminifu: siku hesabu zitakapopotoka, ataweza kuonyesha kwamba mkono wake haukufika pale.