Kupunguza Mwendo wa Wimbo: Mwalimu wa Dansi na Mashine Zake

Nimepotea kidogo, kazi zimenibana. Leo naweka hifadhidata kando niongee juu ya muziki.

Dada yangu anafundisha watoto dansi kila Jumamosi katika ukumbi wa kukodi hapa Nairobi. Vifaa vyake ni simu, waya na spika moja. Juzi akanipigia: "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Nipunguzie wimbo huu mwendo, watoto hawaushiki, na onyesho la wazazi limekaribia." Jioni hiyo hiyo nikaandika programu ya mistari kama ishirini, nikamtumia wimbo kwa asilimia 80 ya mwendo wake. Akanijibu kwa kicheko. Yule mwimbaji wa kike alikuwa amegeuka mzee mwenye mafua.

Nikaanza kuchimba, na kumbe tatizo hili lina umri mkubwa.

Huko Ulaya, katika karne ya 17 na 18, mwalimu wa dansi alijibeba na muziki wake. Alikuwa na fidla ndogo mno ya kuingia mfukoni mwa koti, Wafaransa wakiiita pochette. Mwanafunzi akikwama, mwalimu alipunguza mkono tu, na noti zikabaki zilezile. Hakuna kifaa kilichomshinda kwa miaka mingi sana.

Edison alileta fonografu mwaka 1877, na Berliner akaomba hataza ya gramafoni mwaka 1887. Sasa muziki ukaja na mwendo wake mwenyewe. Lakini gramafoni za springi zilikuwa na kitu kizuri: vyuma vidogo vinavyozunguka pamoja na mota. Vikizidi kasi vinatanuka, vinavuta kisahani hadi kisugue kitambaa kama breki. Ukikaza au kulegeza skrubu, sahani inaenda pole au mbio. Mtu wa programu ataona mara moja kwamba huo ni mzunguko wa kujirekebisha, bila hata transista moja!

Ila skrubu hiyo ilikuwa na adhabu. Ukipunguza mwendo, sauti nayo inashuka, kwa sababu sauti ni mitetemo, na mitetemo iliyocheleweshwa ni noti ya chini. Kwa asilimia 80 unashuka karibu nusu-toni nne. Ndiyo mafua ya mwimbaji wetu.

Aliyenifurahisha zaidi ni Mwingereza Victor Silvester, bingwa wa dunia wa dansi mwaka 1922, ambaye baadaye akawa mwalimu London. Santuri za wakati ule hazikufaa kwa masomo, bendi zilicheza kwa mwendo zilioutaka zenyewe. Hakuhangaika na mashine. Mwaka 1935 aliunda bendi yake mwenyewe, ikarekodi kila dansi kwa mwendo wake kamili usioyumba. Santuri hizo ziliuzwa kwa mamilioni. Yaani alirekebisha data badala ya programu, na mimi namvulia kofia.

Baadaye zikaja sahani za umeme zenye kidhibiti mwendo, halafu Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 yenye kitelezi cha asilimia 8 juu na chini. Madijei wanaijua kuliko mimi. Adhabu ilikuwa ileile.

Dawa ilitoka kwa watu wa sauti za maneno, si wa muziki. Mwaka 1954, Fairbanks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walieleza mashine ya tepu yenye vichwa vinavyozunguka, iliyokata sauti vipande vifupi, ikaruka vingine au kuvirudia. Mwaka 1966 Flanagan na Golden wa Bell Labs wakaonyesha njia ya hesabu, ya kuchambua sauti katika masafa yake na kuijenga upya kwa urefu mwingine.

Kwa kompyuta, fikiria hivi. Sekunde moja ya CD ina sampuli 44,100. Kwa asilimia 80 ya mwendo unahitaji 55,125. Hizo 11,025 za ziada zitoke wapi? Programu yangu ilizivuta zilizopo kama mpira. Mbinu ya mwaka 1985 ya Roucos na Wilgus hurudia vipande vidogo, ikivilalisha kimoja juu ya kingine pale mawimbi yanapofanana. Maktaba ya SoundTouch, inayotumiwa na Audacity, iko katika ukoo huo.

Basi nikaitumia, nikampelekea dada toleo la pili nikijisifu. Mwimbaji alirudi kuwa mwanamke. Jumamosi nikaenda kuona, na watoto walikuwa wanajikwaa zaidi! Tulipokaza masikio tukaelewa: kipande kinaporudiwa, pigo la ngoma lililomo nalo linarudiwa. Mahali pa "du" moja unasikia "du-du" hafifu. Mguu wa mtoto haujui ushuke kwa lipi.

Toleo la kwanza, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa na pigo moja kwa kila pigo.

Dada akalirudisha. Nimemwongezea kitelezi cha kutoka asilimia 70 hadi 100, anakipandisha kidogo kila wiki. Watoto wanamwita yule mwimbaji Babu, na wiki iliyopita walikuwa asilimia 92, Babu ameanza kupona.